Seva Ilisema Sista Hakuwepo

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee Akonaay alinionyesha waya uliokuwa umezama ukutani akaniuliza unaelekea wapi. Kando yake palibandikwa karatasi. Niliisoma nikamjibu, "Chumba cha daktari."

Akacheka kwa pua. "Hiyo karatasi imeandikwa na nani?"

"Sijui, mzee."

"Kama humjui aliyeandika, kwa nini unamwamini?"

Asubuhi nzima ilituishia tukiufuata waya ule, yeye upande mmoja wa jengo na mimi upande wa pili, tukisikiliza mlio wa kifaa cha kupimia. Ulitokea stoo ya magodoro. Mzee alichana ile karatasi, akaandika nyingine, akatia sahihi yake chini. "Sasa wakikuta si kweli, wanajua pa kuja," akasema.

Nimestaafu majuzi, na wenzangu mliobaki kwenye kitengo cha mawasiliano mmeniomba niandike maelekezo ya kuunganisha vituo vyetu na seva ya Mbulu. Maelekezo yamo kwenye makabrasha, kabati la pili, chini ya betri mbovu ambazo tangu zamani tunasema tutazitupa. Mimi nitaandika yasiyomo.

Nilizaliwa Dongobesh. Baba yangu alitoka Kondoa akaja kufungua duka la vitambaa na chumvi, na dukani nilijifunza kushuku mizani kabla ya kumshuku mteja. Shirika lilinichukua nikiwa bado naogopa ngazi. Wakati huo kazi ilikuwa simu za mezani na redio za upepo kwenye zahanati zetu za Mbulu na Hanang. Wagonjwa walikuwa wakimwamkia Mzee Akonaay shikamoo wakidhani ni daktari, maana alivaa koti jeupe kuzuia vumbi. Alikuwa akiitikia marahaba na kuwapa pole.

Alinirithisha vitu vitatu: koleo la kubania waya, daftari la jalada gumu, na amri moja. Kifaa chochote ukishakifunga mahali pake, panda tena, soma namba iliyochapwa mgongoni, linganisha na daftari. Usisome boksi. Usisome kumbukumbu yako. Soma namba.

Niliishika amri hiyo miaka mingi, na ilinipa sifa ya kuwa mwanamke mgumu. Sikuamini fyuzi iliyosemwa ni mpya wala soketi iliyosemwa ina moto. Watu nao sikuwaamini, na hapo ndipo amri ya Mzee ilinipita, kwa sababu watu hawana namba mgongoni.

Niwape mfano. Ofisi yetu ya Katesh ilikuwa ikipoteza mawasiliano na Mbulu kila siku ya mnada, kuanzia saa nne mpaka jioni. Kulikuwa na karani pale, kijana mtanashati, na mimi niliamua moyoni kwamba anachomoa mitambo ili aende mnadani. Nilimwambia hivyo kwenye simu, na wenzake wakisikia. Mnada uliofuata nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta kijana mezani pake, mitambo inawaka yote, mawasiliano hakuna. Nikapanda juu ya paa. Mbele ya dishi letu, pembeni ya ukuta, fuso lilikuwa limeegeshwa likiwa na shehena ya vitunguu iliyopanda juu kuliko ukuta wenyewe. Wimbi la redio lilikuwa linagonga vitunguu. Tuliinua dishi mita mbili, tatizo likaisha. Yule karani nilimwambia, "Haya, limekwisha." Sikumwambia samahani. Niliona kuinua dishi kunatosha.

Miaka ya karibuni ndipo vikaja visahani. Kwenye karatasi za ununuzi vinaitwa aksesi pointi, lakini wodini hakuna aliyehangaika na jina hilo; ni kidude cheupe cha darini kinachorusha waifai, kina umbo la kisahani, basi. Vilikuja ili wauguzi waache kujaza madaftari matano na kuanza kujaza tableti. Wazee waliokuja kliniki walisema vinasikiliza. Niliwajibu kwamba havisikii neno hata moja, na ilikuwa kweli. Sikuwaambia kwamba vinahesabu.

Kwa wale ambao hawajawahi kufanya kazi hiyo, iko hivi. Kisahani kipya ni kama mtumishi aliyeshuka stendi ya Mbulu bila barua. Kwanza anatafuta anwani ya kukaa, kisha anamtafuta bosi wake. Bosi ni seva. Wakiwa jengo moja wataonana wenyewe. Lakini kisahani kikiwa Hanang na seva ikiwa Mbulu mjini, kitaita ndani ya jengo lake na hakuna atakayesikia. Ni lazima ukiambie mapema anwani ya seva. Kwa hiyo nilivileta vyote kwanza mezani kwangu, kimoja kimoja, nikavifundisha njia. Kwenye kioo cha kompyuta kinatokea kimeandikwa "kinasubiri kupokelewa." Unabonyeza, kinapokelewa, kinazima na kuwaka, rangi yake kwenye orodha inageuka kijani. Kisha unakipa jina.

Jina unaliandika wewe. Seva haijui wodi wala jiko. Inajua namba ya kiwandani tu, ile ya herufi ndogo mgongoni. Mengine yote yanayosomeka vizuri kwenye kioo ni maneno ya binadamu, na binadamu mwenyewe huenda alikuwa na njaa.

Chumba cha seva kiko nyuma ya ofisi ya usafirishaji. Mahali pengine wananunua mashine za kupoza hewa. Mbulu tunafungua dirisha. Panya wanakipenda chumba kile kuliko sisi, maana ndicho chenye joto. Na msije mkabadilisha anwani ya seva bila kuviaga visahani kwanza. Nilifanya hivyo mara moja. Orodha nzima ikawa ya kijivu, nikazunguka wilaya mbili kuvielekeza upya. Cha kuudhi, vituoni hakuna aliyegundua lolote. Kisahani kikimpoteza bosi wake kinaendelea na kazi kama kawaida, na pengine kwa amani zaidi.

Sasa nifike kwenye kituo kimoja cha huko juu, upande wa Tlawi. Sitakitaja jina. Kilipangiwa visahani viwili: kimoja wodi ya wazazi, kingine nyumba za watumishi zilizoko chini ya kituo, ng'ambo ya bustani ya kabichi. Nilikwenda na dereva wetu, Bwana Saidi. Mvua ilitukuta njiani na haikuacha. Tulipofika, maboksi niliyoyaandika majina kwa kalamu nene yalikuwa yamelowa yakasambaratika, Saidi akaviingiza visahani vyote viwili mikononi, vitupu, vimefungwa kwenye koti lake.

Wodini alikuwepo Sista Leokadia, mkunga, mtu wa Kagera, mrefu, mwenye sauti ya kusomea tangazo. Hakutusalimia kwanza. Alitazama ngazi.

"Hiki kidude kinafanya nini juu ya mama anayejifungua?"

"Kinaleta mtandao, Sista. Mtajaza taarifa kwenye tableti."

"Na kinapeleka nini?"

"Kinapeleka mnachoandika."

"Hicho tu?"

"Hicho tu."

Aliniangalia kama mteja anavyoangalia mkono wa muuzaji unaokaa karibu mno na mizani. "Nina mama amefunguka sentimita nane nyuma ya pazia," akasema. "Nakupa dakika tano, kisha ngazi yako itoke."

Nilipanda nikiwa na hasira. Nilichukua kisahani kimoja kutoka kwa Saidi, nikakifunga, kikawaka. Tukakimbia kwenye mvua hadi nyumba za watumishi, nikafunga cha pili. Nikafungua kompyuta ndani ya gari: vyote viwili kijani. Nikamwambia Saidi, "Twende." Kurudi wodini kupanda ngazi upya na kusoma namba mgongoni, mbele ya mwanamke yule, sikutaka. Daftari lilibaki mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza.

Wiki chache baadaye ofisini ililetwa barua ya Sista Leokadia ya malalamiko. Aliandika siku na saa: asubuhi saa nne nimechomoa kidude chenu kwa dakika ishirini kwa sababu soketi ni moja na nilihitaji taa ya kumpasha mtoto joto, naomba soketi ya pili au mje mkichukue. Niliangalia kwenye seva. Kisahani cha wodi hakikuwa kimezimika siku ile hata dakika moja. Nikajisemea, huyu anatafuta ugomvi, hata anasema amechomoa wakati hajachomoa. Nikaiweka barua kwenye faili. Niliona kwenye orodha kwamba cha nyumba za watumishi ndicho kilichokuwa kimezimika saa hiyo, nikadhani kuna mtu alikichomoa apige pasi.

Mnaosoma mmeshaelewa. Mimi ilinichukua miezi.

Ofisa utumishi wetu, Bwana Mhina, alikuja siku moja akasimama nyuma ya kiti changu. Watumishi wote walikuwa wamesajili simu zao kwa majina ili wapate waifai.

"Mama Hafsa, hii seva yako inaweza kuniambia nani yuko wapi?"

"Inaweza kukuambia simu ipo kwenye kisahani gani."

"Si ni kitu kile kile?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Nikasema, "Karibu."

Tangu hapo kila Ijumaa nilimchapia orodha. Vituoni habari zilifika haraka. Nilipokwenda kurekebisha kitu, mazungumzo yalikatika nikiingia. Mhudumu mmoja alizima simu yake mbele yangu, taratibu, akiniangalia. Nami nikawashuku zaidi: mtu asiye na la kuficha anazima simu ya nini? Leo najua jibu. Wakati ule niliona nimeshika ukweli wa wilaya mbili kwenye kioo kimoja.

Kisha lile jambo likatokea. Ilikuwa mchana, kati ya saa saba na saa tisa. Mwenzake Leokadia alikuwa likizo, kwa hiyo alikuwa peke yake na mhudumu wa wodi, Basilisa. Mwanamke mmoja aliletwa na bodaboda, akajifungua, akaanza kutoka damu nyingi. Basilisa alitumwa mbio kumtafuta dereva wa gari la wagonjwa. Chumba cha pili, cha kusubiria, alikuwepo Paskalina, mimba yake ya kwanza, mume wake amerudi nyumbani kufuata khanga na uji. Uchungu wake ulikimbia kuliko ilivyotarajiwa. Aliita. Hakuna aliyekuja. Alijifungua peke yake juu ya sakafu, kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Mtoto hakulia.

Leokadia alisema alikuwa chumba cha kujifungulia muda wote, mkono wake ukilikandamiza tumbo la yule anayetoka damu. Basilisa alikuwa ameondoka, hakuweza kumshuhudia. Yule mama aliyetoka damu alipona, lakini alisema anakumbuka tu kwamba kuna mtu alimshika. Ni nani na kwa muda gani, hajui. Watu wa gari walimkuta Leokadia kando ya kitanda, lakini hiyo ilikuwa saa tisa.

Bwana Mhina alinipigia simu. "Angalia simu ya Sista, saa saba hadi saa tisa."

Niliangalia. Nyumba za watumishi, mfululizo, bila kukatika.

Sikushangaa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Nilisema moyoni, nilijua. Nilichapa karatasi, nikatia sahihi chini.

Kikaoni Leokadia alisimama na sare yake. Nilisoma orodha dakika kwa dakika. Nilipomaliza aliniuliza, bila kupaza sauti, "Fundi, wewe uliniona nyumbani kwangu?"

"Simu yako ilikuwa huko, Sista."

"Simu yangu ilikuwa mfukoni mwangu. Mfuko ulikuwa umelowa damu ya mtu." Akawageukia wengine. "Nilimsikia yule binti anaita. Nataka mjue kwamba nilimsikia. Mkono ningeuondoa, mwingine angekufa. Mnaniuliza nilikuwa wapi. Mimi nakumbuka kila mara aliyoita."

Bwana Mhina akagonga karatasi yangu kwa kalamu. "Mashine haina sababu ya kumsingizia mtu," akasema. Leokadia alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akisubiri kikao cha mwisho. Kabla ya jua kuzama, kijiji kizima kilikuwa kinasema: mashine imemwona Sista nyumbani kwake, amelala, mtoto wa watu anakufa.

Kwa ajili ya kikao cha mwisho Bwana Mhina alitaka kila karatasi inayoonyesha tabia ya Leokadia. Nikaifungua ile barua ya soketi. Nilikusudia kuandika pembeni yake: si kweli, kisahani hakikuzimwa. Nilifungua kumbukumbu za siku ile ili nipate uthibitisho. Wodi: haikuzimika. Nyumba: ilizimika saa nne na dakika mbili, ikarudi saa nne na dakika ishirini na tatu.

Nilizisoma zile saa mara nyingi. Mtu aliyeko wodini hawezi kuota saa ambayo pasi ilichomekwa nyumba ya mwenzake. Nikafungua matumizi ya kila siku. Kisahani cha "wodi" kilikuwa kimejaa simu jioni na Jumapili, mchana kikavu. Cha "nyumba" kilikuwa na tableti za kazi kuanzia asubuhi. Tableti za wodi, ambazo zimefungwa kwa mnyororo kwenye meza ya wodi.

Nikampigia Basilisa.

"Shikamoo Mama Hafsa."

"Marahaba. Uko wodini?"

"Niko wodini."

"Simama chini ya kile kisahani. Uangalie taa yake."

Seva ina kitufe cha kukitafuta kifaa: ukikibonyeza, kifaa kinapepesa taa ili fundi akione. Nikabonyeza kwenye "nyumba za watumishi."

"Kinapepesa, Mama."

"Kipi?"

"Hiki hiki kilicho juu yangu."

"Una uhakika uko wodini, Basilisa?"

"Mama Hafsa, nimedeki chumba hiki miaka kumi na nne. Niko wodini."

Nikakata simu. Nilikuwa peke yangu na kompyuta. Nitawaambia nililowaza, kwa sababu nanyi mtaliwaza siku moja. Kuyabadilisha yale majina mawili ni kazi ya nusu dakika. Nikibadilisha, kumbukumbu zote za zamani zinasomeka kwa majina mapya, na Leokadia anakuwa wodini tangu mwanzo. Ningesema nilikosea kusoma mstari. Kosa dogo, la macho, la mwanamke anayekaribia kustaafu. Leokadia angerudi kazini na jina langu lingebaki safi. Niliweka kidole kwenye kitufe. Nilichokiona ni ile sahihi yangu chini ya karatasi kikaoni, na nikajua kwamba kama nitafuta kosa, hakuna atakayejua kuwa zile orodha za Ijumaa zinaweza kukosea. Wa pili angekuja, na wa tatu. Nikaondoa kidole, nikachapa kila kitu kilivyo.

Bwana Mhina alinisikiliza amesimama.

"Unataka kuniambia tumemsimamisha mtu kwa sababu wewe hukusoma namba?"

"Ndiyo."

"Majuzi ulikuwa na hakika. Leo umempenda ghafla?" Alisogea akafunga mlango. "Nani amekuja kukuona, Mama Hafsa? Ndugu zake?"

Miaka yote ile nilikuwa mimi ninayewaangalia watu kwa jicho lile. Sikuwa nimewahi kusimama mbele yake. "Usiniamini," nikamwambia. "Twende ukasome mwenyewe."

Tulikwenda mchana kweupe, yeye, mimi na Bwana Saidi na ngazi. Nilivishusha visahani vyote viwili, cha wodini na cha nyumba, bila kugusa kitu kingine, nikampa Bwana Mhina mikononi. Alivua miwani, akasoma namba za mgongoni kwa sauti. Saidi alisoma kutoka kwenye daftari langu. Hazikulingana mpaka nilipovibadilisha mikono. Bwana Mhina aliomba kukaa. Basilisa alimletea kiti.

Leokadia alirudishwa kazini kwa barua ya mistari minne. Mimi nilipewa onyo, la haki. Orodha za Ijumaa nilikataa kuzichapa tena, na safari hii niliandika kwa nini: seva inaonyesha kifaa kimeungana na kifaa, na jina lililoandikwa na mtu. Haijui mtu alikuwa wapi wala alikuwa anafanya nini. Waliokuja baada ya Bwana Mhina wameniuliza tena, kwa upole, na watawauliza ninyi. Jibuni "hapana." Msijibu "karibu."

Nilikwenda kumwomba Leokadia msamaha. Nilimkuta anaanua shuka nyuma ya wodi. Aliniacha niseme mpaka mwisho, akakunja shuka ile, akaiweka kwenye beseni.

"Mimi nimekusikia," akasema. "Lakini kule kijijini kuna binti anayeamini nilikuwa nimelala. Nikienda peke yangu ataona nimetunga. Utakwenda nami."

Tulikwenda siku iliyofuata. Nyumba ya Paskalina iko kwenye mteremko, shamba la mahindi mbele na zizi nyuma. Alikuwa ameketi mkekani mlangoni, anapukuchua maharage. Alipomwona Leokadia aliacha mikono yake ndani ya ungo. Hakusema karibu. Nilimsalimu, akaniamkia kwa mazoea tu, kwa kuwa nina mvi.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza kama ninavyowaeleza ninyi, visahani viwili, mvua, namba ambazo sikusoma. Nilimwambia mashine haikumwona Sista nyumbani. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nilimwambia kuhusu mwanamke wa chumba cha kujifungulia na mkono ambao haukuweza kuondoka.

Akamwangalia Leokadia, si mimi.

"Kwa hiyo ulinisikia."

"Nilikusikia," Leokadia akasema. Ile sauti ya tangazo haikuwepo. "Uliita Sista mara tano. Halafu ukamwita mama yako."

Paskalina aliinamia ungo. "Miezi yote hii nilikuwa na mtu wa kumchukia," akasema. "Nikiamka, namchukia. Nikichota maji, namchukia. Ilikuwa inanishika nisianguke. Sasa mmekuja kunichukulia hata huyo."

"Unaweza kunichukia mimi," nikamwambia.

Aliinua uso akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kofia yangu, viatu vyangu vya kazi, koleo lililoning'inia mkandani.

"Wewe sikujui," akasema.

Akausogeza ungo pembeni na kujivuta kwenye mkeka ili Leokadia apate nafasi. Leokadia akaketi, akachukua konzi ya maharage, akaanza kupukuchua pamoja naye. Mimi nilibaki nimesimama.